Namba za Bihogo

Kila asubuhi, kabla ya kupeleka dumu kwenye foleni ya maji, Teta alikuwa na mikia minane ya kuinua. Hivyo ndivyo alivyowaambia wenzake wa darasa la sita, nao walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wao, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, akiwa na kipimajoto, kitambaa na daftari la jalada la bluu. Alimshika ndama, akainua mkia, akaingiza kipimajoto na kungoja kilie, kisha akaandika. Jioni baada ya shule alirudia yote. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na tangu wiki nne zilizopita alizijua namba za joto za ndama wa mtaani vizuri kuliko majibu ya hesabu.

Ndama wa tano alikuwa wa nyumbani kwao. Hereni yake ya plastiki iliandikwa 5, lakini jina lake lilikuwa Bihogo, kwa sababu ya rangi yake nyekundu iliyokolea. Babu yake Teta, mzee Nehemiya, aliacha ng'ombe wengi kwenye milima ya Kivu ya Kusini alipokimbia vita. Hapa Nakivale alianza upya na ng'ombe mmoja, aliyepewa na rafiki yake Ngoga kwa ajili ya urafiki tu. Bihogo alikuwa ndama jike wa kwanza wa ng'ombe huyo. Macho ya Babu yalikuwa yamefifia, hivyo jioni alikaa kwenye kigoda akimwita Bihogo kwa maneno ya sifa, na ndama alikuja mwenyewe kumlamba viganja. Teta alimpenda ndama yule kupita kiasi, wala hakuona haya kusema hivyo.

Mambo ya kipimajoto yaliletwa na Daktari Kyomugisha. Alitoka kwenye kituo kidogo cha utafiti wa mifugo huko Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, na alikuwa akijaribu chanjo mpya ya ndigana, homa ya kupe inayoua ndama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kutosha kusalimia na kuuliza bei, kwa hiyo alikuja na mkalimani, kijana Mkongo aitwaye Patient. Karatasi ya makubaliano ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nne nzima. Daktari alieleza kwa muda mrefu, naye Patient akatafsiri kwa muda mfupi.

"Ngombe zote zitadungwa sindano," Patient aliwaambia wenye ndama. "Kisha batazitia kupe mu masikio, baone kama dawa inafanya kazi. Mwenye kukubali, atie kidole hapa."

Wazee wakatia vidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Teta alikuwa amesimama nyuma ya kigoda cha Babu. Kiingereza alikuwa anajifunza shuleni, na angeweza kuisoma karatasi ile, walau nusu yake. Lakini hakuna aliyemwomba, naye aliona si adabu kujitia katika shughuli za wakubwa.

Ndama wote wanane wakadungwa sindano. Baadaye kila mmoja akabandikwa sikioni kifuko cha kitambaa chenye kupe ndani. Daktari akamkabidhi Teta kipimajoto, kwa kuwa aliandika vizuri na hakuogopa mateke.

"Sikiliza, mtoto wangu," Daktari alimwambia kwa Kiswahili chake. "Namba ikifika arobaini leo, na kesho tena arobaini, wewe napiga simu. Hapana ngoja."

Wa kwanza kufika arobaini alikuwa ndama wa tatu, mwenye doa jeupe usoni, mali ya jirani yao Mama Eugénie. Teta akapiga simu kama alivyoagizwa. Gari la kituo likaja na Patient ndani, likambeba ndama kumpeleka Ruti. Siku zikapita na ndama hakurudi. Kila Mama Eugénie alipomuuliza Patient, alijibiwa neno moja: ngoja.

Jioni moja Mama Eugénie alimkuta Teta uani akiandika namba zake. Alitua ndoo ya maji chini, akamtazama.

"Juma mbili sasa sijaona ngombe yangu," alisema. "Batu banasema kule Mbarara banazipasulaka tumbo, baangalie ndani. Na ni wewe ulibaita, Teta. Kama haungepiga simu, ngombe yangu ingekuwa hapa."

Hakusema kwa ukali, na labda kama angesema kwa ukali, Teta asingeumia vile. Usiku ule Teta hakula.

Siku tatu baadaye, kipimajoto kilitoka kwa Bihogo kikisoma 40.3.

Teta alipima tena. 40.3. Chini ya sikio la ndama, karibu na kile kifuko, tezi ilikuwa imevimba kama yai. Teta alikaa kwenye majani na daftari magotini. Alijua namba ile ingeleta nini kesho yake: gari, kamba, na zizi tupu. Alijiona akiwa ndiye anayemshika Bihogo ili wamfunge miguu. Akaandika 38.6, namba ya ndama mzima.

Nyumbani kwa mzee Nehemiya palikuwa na mwiko wa tangu milimani: ugonjwa wa ng'ombe hautajwi zizini. Ng'ombe aliyeumwa alisemwa kuwa amechoka. Aliyekaribia kufa alisemwa kuwa amechoka sana. Teta alikulia katika usemi huo, na siku ile ulimsaidia kujidanganya. Alijiambia kwamba kama neno baya halisemwi mbele ya ng'ombe, namba mbaya nayo haina haja ya kuandikwa. Dawa ilikuwa tayari mwilini mwa Bihogo tangu siku ya sindano, na dawa ile ingempigania. Yeye kazi yake ni kungoja tu.

Jioni Babu aliuliza kama kawaida, "Bihogo leo iko na ngapi?"

"Ya kawaida, Babu."

Babu alimpapasa ndama masikio. "Imechoka," alisema. "Itapumuzika."

Siku ya pili kipimajoto kilisoma 40.9, na daftari likasoma 38.5. Siku ya tatu 41.3, daftari 38.6. Bihogo aliacha kunyonya. Siku ya nne alianza kukohoa, na Teta akaandika 38.7 kwa haraka hata saba ikafanana na moja. Akaikazia wino ili isomeke.

Alfajiri ya siku ya tano Babu aliamka kabla yake. Macho yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa ya mfugaji. Alisimama kwenye lango la zizi akisikiliza pumzi ya ndama, pumzi nzito yenye mlio wa maji.

"Teta, pigia daktari simu," alisema. "Bihogo anaumwa."

Teta hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo zizini. Alijua hapo kwamba mambo yamekwisha.

Daktari Kyomugisha alifika saa nne na dereva peke yake. Patient alikuwa amekwenda Kabingo kwenye msiba. Bihogo alikuwa amelala ubavu, povu jeupe likimtoka puani. Daktari alipiga magoti kwenye samadi bila kujali suruali yake, akampima. Joto lilikuwa limeshuka hadi 37, kwa kuwa mwili ulikuwa umeshashindwa. Kisha akafungua daftari la bluu, akasoma ukurasa mzima, na uso wake ukajaa mshangao.

"Mzee, pole sana," alisema. "Huyu hapana fika jioni. Mimi naweza kumpa sindano ya kulala. Maumivu itakwisha."

Babu alikaa chini, akakiweka kichwa cha Bihogo mapajani. Alimwita kwa maneno ya sifa aliyokuwa akimwita kila jioni, polepole, yote mpaka mwisho, na hapo ndipo akamwashiria Daktari. Teta alishika ukwato wa mguu wa nyuma. Aliushika mpaka ukaacha kutikisika, na hata baada ya hapo hakuuachia.

Daktari aliomba mwili aupeleke Ruti kuuchunguza, na akamwomba mwenye ndama aende kushuhudia. Babu akakubali. Kwa kuwa Patient hakuwepo, Teta angekuwa mkalimani, maana Daktari aliweza kusema Kiingereza naye. Wakaondoka wote na gari la kituo, Bihogo akiwa nyuma chini ya turubai.

Walipoingia uani Ruti, kitu cha kwanza Teta alichokiona kilikuwa ndama mwenye doa jeupe usoni. Alikuwa anakula majani, amenenepa, kile kifuko kimeondolewa sikioni na hereni ikisoma 3.

"Yule ni wa Mama Eugénie," Teta alisema kwa Kiingereza. "Hamkumpasua?"

"Kumpasua?" Daktari aligeuka. "Ulitupigia simu mapema, akapata dawa siku ile ile. Hapa anadungwa kila siku na hakuna kupe wapya. Ijumaa anarudi nyumbani. Patient hakuwaambia?"

Babu aliuliza daktari anasema nini, na Teta akamweleza: ndama wa Mama Eugénie ni mzima, alitibiwa. Babu alitabasamu kwa ajili ya jirani yake. Tabasamu lile lilimchoma Teta kuliko matusi yote.

Uchunguzi haukuchukua muda. Daktari alinawa mikono, akawaketisha ofisini, akaweka daftari la bluu mezani. Alizungumza kwa Kiingereza taratibu, akisimama kila baada ya sentensi ili Teta atafsiri.

"Mapafu yamejaa povu. Hii ni ndigana, sina shaka."

Teta akatafsiri.

"Lakini hapa siku zote nne hakuna homa. Ndigana bila homa sijawahi kuiona. Kama ugonjwa umebadilika na kuanza kuua bila homa, basi kipimo chetu cha arobaini hakiwalindi wanyama tena. Lazima nijue unavyokwenda."

Teta akatafsiri.

Daktari alionyesha dirishani. Nje kulikuwa na zizi lenye ndama kumi wadogo, mmoja akijikuna kwenye nguzo. "Wale nitawatia kupe kesho. Safari hii sitawatibu. Nitawaangalia mpaka mwisho wao, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuelewa. Sipendi, na nitalala vibaya. Kwa hiyo nataka uhakika kwanza. Muulize babu yako: namba hizi ni za kweli?"

Chumba kilikuwa na watu watatu, na ni Teta peke yake aliyeelewa pande zote mbili. Angeweza kumuuliza Babu jambo lolote na kumjibu Daktari jambo lolote. Angeweza kusema kipimajoto kilianguka kikaharibika. Babu asingejua kamwe, na Daktari angesikitika tu. Teta alitazama dirishani. Yule ndama alikuwa amemaliza kujikuna, sasa anamlamba mwenzake shingoni.

Alimgeukia Babu kwanza.

"Babu, anauliza kama namba za Bihogo ni za kweli. Si za kweli. Alikuwa na homa tangu siku ya kwanza. Niliandika uongo siku nne, niliogopa watamchukua wampasue." Kisha akamgeukia Daktari na kurudia maneno yale yale kwa Kiingereza, bila kupunguza hata moja.

Daktari alifunga macho. Babu aliikusanya mikono juu ya fimbo.

"Siku ine," alisema. "Na kila jioni nilikuuliza."

"Ndiyo, Babu."

"Ukanijibu."

"Ndiyo, Babu." Teta alikuwa analia sasa, na hakujaribu kujifuta.

Daktari alichukua karatasi ya mpango wa ndama kumi, akaipiga mstari toka kona hadi kona. Alisema wale wataendelea kula majani yao, kwa kuwa ugonjwa haujabadilika hata kidogo. Lakini Babu alikuwa na lake.

"Sasa muulize na yeye," alimwambia Teta. "Bihogo ilidungwa sindano kama zote. Juu ya nini ile sindano haikuikinga?"

Daktari alifungua bahasha iliyofungwa kwa gundi, ambayo hata yeye hakuwa ameifungua tangu siku ya sindano, akasoma orodha, akasita. "Wanne walipata chanjo. Wanne walipata maji ya chumvi, ili tulinganishe. Namba tano ilipata maji. Iko kwenye ukurasa wa pili wa karatasi mliyoweka vidole."

Kutafsiri maneno yale kulikuwa kugumu karibu kama yale ya kwanza. Babu aliyasikiliza, akainua uso wake kuelekea ilipotoka sauti ya Daktari.

"Maji," alisema. "Patient alituambia zote zitadungwa sindano. Hakusema maji. Tungejua, tungechagua."

Teta akatafsiri, na safari hii aliyeinamisha kichwa alikuwa Daktari.

"Patient alisema nusu," alijibu. "Na mimi nilikubali nusu yake, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kupata vidole vyenu. Kosa hilo ni langu kabla halijawa lake. Mzee, bila kuwalinganisha hatuwezi kujua kama chanjo inafanya kazi, na ikifanya kazi itaokoa ndama wengi. Tunawaumiza wachache kwa ajili ya wengi. Ndiyo maana tuna ile arobaini: mnyama asiumie kupita pale."

"Bihogo haikuulizwa," Babu alisema.

"Haiwezekani kumuuliza. Kwa hiyo tunamuuliza anayemtunza, na anayemtunza lazima aelewe anachoulizwa. Ninyi hamkueleweshwa."

Ijumaa ile gari la kituo lilirudi Nakivale na ndama wa Mama Eugénie. Mama Eugénie alimshika ndama masikio, akamkagua tumbo mara mbili kutafuta mshono, kisha akamshika Teta bega. Alikuwa amesikia habari za Bihogo.

Wenye ndama wote walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Daktari alisoma karatasi yote, ukurasa kwa ukurasa, na Patient akatafsiri. Teta alikaa mbele na nakala mkononi, akifuata kwa kidole kila mstari, kwa kuwa Daktari alikuwa amemwomba hivyo. Walipofika ukurasa wa pili Patient alisita. Alitazama nakala ya Teta.

"Ngombe ine zilipata dawa," alisema. "Ine zilipata maji tu. Niliogopa mutakataa, nami nitapoteza kazi, njo maana sikusema. Munisamehe, bazazi."

Watu walinung'unika sana, na wengine walimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa kitabuni. Daktari aliahidi kumletea mzee Nehemiya ndama jike mwingine. Babu alishukuru, lakini alisema hakuna ndama atakayekuwa Bihogo. Mwishowe wenye ndama watatu waliwatoa ndama wao, Mama Eugénie akiwa wa kwanza. Watatu wengine walibaki, wakijua sasa wanachokubali. Mwenye ndama wa nane aliomba siku moja ya kufikiri, akapewa.

Jioni Teta alimkuta Babu kwenye kigoda chake mbele ya zizi. Mama yake Bihogo alikuwa bado anaita ndama wake. Teta alikaa chini karibu na miguu ya Babu na kumwomba msamaha, ingawa alikuwa ameshamwomba mara nyingi.

"Nilikusamehe kule kule Ruti," Babu alisema. "Lakini sikiliza, maana sitasema mara mbili. Mimi njo nilikufundisha kusema imechoka, wakati ngombe inakufa. Ile kosa ni yangu. Patient alisema nusu, daktari akaharakisha, na wewe ukaandika uongo. Batu bane, na kila mutu alikuwa na sababu yake muzuri. Mwenye kulipa ni Bihogo." Alitafuta kichwa cha Teta kwa mkono, akakigusa. "Ngombe haina mudomo. Tukiiingiza mu kazi ya batu, ile namba njo mudomo yake. Uliiziba siku ine, hata kama ulikuwa unaipenda. Ukipenda munyama, sema ukweli yake. Hata ile yenye kukuumiza."

Jumatatu asubuhi Teta alichukua kipimajoto, kitambaa na daftari, akaanza mzunguko wake mfupi. Ndama wa saba alikuwa amelala, hakuamka aliposikia lango. Kipimajoto kilisoma 40.2. Teta aliandika 40.2. Kesho yake kilisoma 40.4, akaandika 40.4, akachukua simu. Mwenye ndama, mzee mwenye haya aitwaye Muhirwa, alikuwa amesimama langoni akimtazama.

"Imechoka?" mzee Muhirwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mzee," Teta alisema, pale pale zizini, mbele ya ndama. "Anaumwa. Nawaita waje leo."